Taa ya Miche

Daktari aliyekuja nyumbani asubuhi alikuwa amemwita Orysia pembeni. Aliporudi chumbani alimwambia mumewe mambo si mabaya.

Sasa alifungua zipu ya hema dogo la kukuzia mimea pembeni mwa chumba, akaigusa miche ya bangi. Majani yake yalikuwa laini kama sikio la kitoto. Mzee, mumewe, aliipanda mwenyewe ili imtulize maumivu ya mifupa.

"Usizidishe maji, bibie," alisema kutoka kitandani. "Mapenzi yako yataniozeshea mizizi."

"Nyamaza wewe. Kijiko chenyewe cha supu ya borshi kinakushinda."

Mzee akacheka, akakohoa. Ndiye aliyemfundisha kwamba mche mchanga huwashiwa taa mchana kutwa na usiku mwingi, mpaka ukomae. Ukiupunguzia mwanga unaacha kurefuka, unaharakisha maua, na maua ndiyo dawa yenyewe.

Orysia akaizungusha saa inayowasha na kuzima taa ya hema. Hema likawa giza, na jua bado linang'aa juu ya theluji dirishani.

"We mama! Mbona mapema? Hiyo bado michanga. Isubiri, maua yatajaa mkono!"

Orysia hakugeuka. Kidole chake kilibaki pale pale juu ya saa.

Kitanda kikalia, mzee akijiinua.

"Orysia," mzee akaita, polepole. "Kwani daktari alikwambia nini hasa?"