Kisanduku cha Bi Shemsa

Mtaani kwa Bi Shemsa, sauti ya marehemu hukatwa vipande, na kila nyumba hutunza vipande vya majirani katika kisanduku chake. Ukitaka kumsikiliza marehemu wako, visanduku vya wenzako hukurudishia. Anayezima chake huhesabiwa mchoyo.

Asubuhi moja sauti ya marehemu binti yake, Mwanaheri, ilikwama kwenye "Mama, usisahau..." Bi Shemsa akamwita fundi Kombo.

Kombo alibadilisha waya, akajaribu tena. "Bibi, kisanduku ni kizima. Tatizo ulikuwa unakizima."

"Kilinguruma, mjukuu wangu. Kichanga cha Salama hapo jirani kilikuwa hakilali. Mama yake mwenyewe aliniomba nikizime."

"Basi nenda kwake. Kipande kinachokosekana alikuwa nacho yeye tu."

Salama alimkaribisha kwa chai ya tangawizi.

"Mwanangu, nirudishie kile kipande cha Mwanaheri."

"Ah, Bi Shemsa! Nilikifuta juzi. Kisanduku kiliniuliza kama kifute cha aliyezima, nikakubali. Asiyegawa hagawiwi, si ndiyo sheria?"

"Lakini wewe ndiye uliyeniomba nizime."

"Nilikuomba, sikukulazimisha. Ongeza sukari, mama."

Bi Shemsa alishukuru kwa chai, akarudi kwake.

Jioni, nyuma ya ukuta, marehemu baba yake Salama alianza kucheka. Taa ya kisanduku cha Bi Shemsa ikawaka: kilikuwa kinapeleka kipande cha kicheko hicho. Kidole chake kikafika kwenye swichi, kikatulia hapo.

Kichanga kikalia. Bi Shemsa akavua mtandio, akakifunika kisanduku kisingurume, akakaa kusikiliza kicheko cha mtu asiye wake mpaka mwisho.