Bakuli kwa Chokaa Mbichi

Mwana Shume hakutambua kwamba mke mwenzake mdogo, Mwana Esha, naye alikuwa amebeba bakuli la kauri, mpaka walipokutana kaburini. Mizinga ya merikebu za kigeni ilikuwa imemuua mume wao, na kwa desturi ya mji bakuli la mjane hupachikwa kwenye chokaa mbichi ya kaburi. Nafasi ilikuwa moja.

“Mabibi, amueni,” alisema Fundi Mbarua, mwashi wa kaburi. “Marehemu alizoea kuwangoja mkizozana, chokaa haijazoea, inakauka.”

Mwana Shume alicheka huku machozi yakimtoka. Ndipo alipoona masizi kwenye bakuli la mwenzake: kilikuwa chombo pekee kilichosalimika katika nyumba yake iliyoungua kwa mizinga ile.

“Pachika la mdogo wangu, fundi,” alisema. “ Naye atakuja kukaa kwangu.”

Tangu siku hiyo wajane wale walipika katika chungu kimoja.