Sirili Arudishwe China

Bwana mifugo alimfungua Sirili mdomo kwa vidole viwili, akamkagua ulimi, akamvuta sikio, kisha akarudi nyuma na kunawa mikono kwa spiriti.

"Pumua," akaamuru.

Sirili akapumua. Watu waliojipanga ng'ambo ya mfereji wakainama wote kwa pamoja.

Sirili hakuwa ng'ombe, tuelewane. Ila nesi wa zahanati alikuwa amekataa katakata kumsogelea. Redio ilitangaza tangu alfajiri kwamba China kuna homa mpya, mafua yanayoua, na kijiji kizima cha Kilema kilijua ni nani aliyerudi kutoka China juzi jioni kula Pasaka. Huo ulikuwa mwaka 2003, na hofu ilishapanda mlima kabla ya gazeti.

"Jamani, homa sina! Kikohozi sina!"

"Miguu je?"

Suruali ikapandishwa. Nyayo zilikuwa zimepasukapasuka, kucha zimekuwa nyeusi, na chini ya magoti kulikuwa na vidonda vidogo vya mviringo, kana kwamba kitu kimemnyonya damu.

"Hii hata kwa mbuzi sijaiona," bwana mifugo akasema.

"Yesu na Maria!" mama yake, Mama Kornelia, akapiga yowe. "China imenilia mwanangu!"

Maskini mama. Alikuwa amepika pipa zima la mbege, pombe yetu ya ndizi, ipelekwe Jumapili ya Pasaka kwa Mzee Wenseslaus, mwenyekiti wa kijiji, kumposa binti yake Theodora. Na mzee alishatamka mbele ya watu: mbege isipofika Pasaka hii, Theodora anaolewa na mwenye duka wa Himo, ambaye mbuzi wake wa salamu alikuwa tayari zizini kwa mzee.

Juzi jioni mambo yalikuwa matamu. Sirili alikuja na chupa ya chai, blanketi lenye picha ya chui, na koti la zipu la baba mkwe mtarajiwa.

"Enhe, na huko kukoje?" Mzee Wenseslaus aliuliza, akijitazama mikono ya koti.

"Kule ni mpunga, baba. Mpunga mpaka macho yanachoka. Wali asubuhi, wali mchana, wali jioni."

"Na tajiri wako?"

"Mkali, lakini analipa."

Mzee alicheka siku ile. Leo alisimama ng'ambo ya mfereji, leso puani, akitoa hukumu.

"Ugonjwa urudishwe kwa wenyewe. Sirili arudi China leo leo."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Huyu siku ya tatu alipewa gari. Na gari lenyewe lilikuwa pikapu ya mwenye duka wa Himo, aliyetoa udereva wake, mafuta na pole nyingi, huku meno yote yakiwa nje.

Vitu vya mgeni vikafukizwa kwa pilipili kavu. Kila aliyesimama karibu akaanza kukohoa, na kila aliyekohoa akaanza kukimbiwa.

"Na koti, mwenyekiti?" mtu akauliza kwa mbali.

"Koti halikohoi," Mzee Wenseslaus akajibu, akapandisha zipu mpaka kidevuni.

Sirili alijaribu kujitetea. "Baba, naomba unisikilize. Ukweli ni kwamba mimi..." Macho yake yakakutana na ya Theodora, aliyesimama migombani. Akabadili maneno. "Tiketi yangu ni ya wiki ijayo."

"Waambie unaumwa. Mgonjwa hawekwi foleni."



Wakampakia nyuma ya pikapu peke yake, na kijiji kikafuata kwa lori. Walipopita Moshi, Sirili aligeuza shingo kushoto, kule tambarare, akabaki hivyo mpaka mji ukaisha. Alikuwa analia waziwazi. Hakuogopa homa, wala hakuwaza China. Alikuwa anampoteza Theodora, na aliyekuwa anampokonya ndiye aliyeshika usukani.

Huko KIA, uwanja wa ndege, kijiji kilijipanga kando ya uzio, kila mtu kajifunga khanga au leso usoni. Mlinzi wa getini aliwatazama, akarudi ndani ya kibanda chake na kufunga dirisha.

"Hatuondoki mpaka tukuone umeingia!" Mzee Wenseslaus akapaza sauti.

"Mwanangu anakwenda kufia ugenini," Mama Kornelia akalia, "na mbege yangu inachacha!"

Sirili alishika begi lake, akaenda kidogo, akasimama. Alitazama mlango, akawatazama watu, akatazama tena mlango. Alitaka ardhi ipasuke immeze.

Ndipo Theodora alipoupita mkono wa baba yake.

"Theodora! Rudi hapa! Utakufa!"

Hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja, akamkumbatia Sirili mbele ya kijiji kizima. Wanawake wakapiga ukunga, mwenye duka wa Himo akakaa chini kwenye changarawe, na kwa ukunga ule hakuna aliyesikia msichana alichokuwa ananong'ona sikioni mwa mchumba wake.

"Yule wa Himo nimeshamkataa, acha kutetemeka. Zunguka nyuma ya ile kantini, kuna Hiace za Moshi. Jaruba lako la mpunga la Mabogini, kule tambarare, nililifungulia maji jana, lakini zamu yenu ya maji inaisha leo jioni."