Mikono Miwili ya Kushoto

Video ya gauni lenye mikono yote miwili ya kushoto ilikuwa imeshaenea mji mzima. Kosa ni la fundi mwenyewe: alikata kitambaa bila kukigeuza. Mteja alikuwa amerekodi, akarusha mtandaoni, akalibwaga gauni mezani.

"Shangazi, funga ukurasa wako," binti wa kaka yake alimsihi. "Wanakucheka."

Fundi akatoa pini tatu alizozibana midomoni, akazichoma moja moja kwenye ukosi wa blauzi yake.

"Nusu ya wateja wangu nimewapata humo humo. Nikimbilie wapi? Washa kamera, elekeza mezani."

"Watazamaji wako mia nne tayari. Wanatukana."

"Waache wajae."

Akashika kiwembe, akaanza kufumua mkono mmoja wa gauni.