Umeridhia?

Ami yake aliingia chumbani, mashahidi wawili wakasimama mlangoni. Zainuba alikuwa ameketi kitandani, mtandio umemfunika uso, vidole vyake vikisokota pindo la shuka bila kutulia.

"Zainuba mwanangu, je, umeridhia nikuoze kwa Faki bin Mselem?"

Zainuba hakujibu. Shangazi yake, aliyeketi kando, akapiga kigelegele. "Kanyamaza, karidhia!"

"Hebu tulia wewe!" ami akamkemea. "Kunyamaza ni ridhaa ya mwari. Huyu mjane, lazima atamke."

"Basi tamka, mama," shangazi akamhimiza. "Biriani inapoa na wageni wanatutazama."

Tangu mumewe Shaame afariki, miaka mitatu sasa, watu walikuwa wakimwambia tu: kula, lala, nyamaza, olewa. Shaame hakuwa hivyo. Hata dirisha hakulifunga kabla ya kumgeukia: "Je, nifunge?" Akisema hapana, liliachwa wazi mvua ikiwapiga. Leo ndiyo mara ya kwanza tena kuulizwa, na bwana harusi ameshakaa mbele ya kadhi.

"Je, umeridhia?" ami akarudia.

"Ami, unaniuliza, au unanikumbusha?"

Shangazi akashika kichwa. "Yarabi! Utatuaibisha!"

Ami aliwatazama mashahidi, kisha akamtazama yeye. Akaketi chini mkekani, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Nakuuliza," akasema.

Nje kaswida ilikuwa imenyamaza. Zainuba akaufunua mtandio, akavuta pumzi, akafumbua kinywa.