Mkeka Ndio Mji

Kitendawili. Sema tega, mwanangu, usinitazame tu. Fundi nilimweka mwenyewe abomoe ukuta mbovu, sasa anabomoa hadi ule mzima. Fikiri taratibu, nami nikusimulie.

Bi Zuwena alimtegea hicho hicho wifi yake Semeni, aliyekuja kuuchukua mkeka wa bi harusi uliofika nusu ampelekee msukaji mwingine. Vidole vya Bi Zuwena vilikuwa vimevimba na kupinda kwa baridi yabisi.

"Wifi, mikono hiyo hata chawa haiui," Semeni alisema. "Nipe mkeka."

"Ukijibu, chukua. Ukishindwa, mji ninaoutaka ni huo mkeka."

Semeni akawaza. "Mchwa?"

"Mchwa nani kamweka?"

"Haya, nimeshindwa. Chukua mji wako."

"Ni chembe za mfupa. Daktari kasema ndani ya mfupa mna chembe hai zinazokula mfupa uliochakaa ili mpya ujengwe. Sasa huu uvimbe wangu unazipigia kelele kutwa, bomoeni, bomoeni, nazo zinatii. Nameza dawa ili kelele ipungue."

Semeni aliuachia mkeka, lakini hakuondoka. "Na dawa zikishindwa, wifi?"

Bi Zuwena alilowesha miyaa, majani ya kusukia, akaubana ukili, ule ukanda uliokwisha sukwa, kwa meno kwa sababu mkono wa kushoto haukuweza tena kuushika, akasuka kwa vidole viwili vilivyokuwa bado vinamtii. Ukili ukarefuka polepole, hadi ukagusa magoti ya Semeni. Ndipo akautoa mdomoni.

"Basi hao mafundi watanikuta nasuka."