Mtu wa Kuaminika Kutoka Mtwara

Wahida aliwakataa wauzaji watatu wa mashine za boti kabla chai yake haijapoa.

Wa kwanza, picha zake zilikuwa za kuiba. Mashine ileile ilishaonekana kwenye ukurasa wa mtu mwingine, juu ya meza ileile. Wa pili alitaka pesa itangulie. Wa tatu, alipoombwa aiwashe mashine mbele ya kamera, alisingizia mtandao unasumbua, na hakupatikana tena.

"Matapeli," alisema Wahida, akiyafuta majina yao kwenye simu.

Mumewe, Aiuba, alikuwa amesimama mlangoni akitazama nje. Tangu warudi kutoka kambi ya waliokimbia vita, wakaikuta nyumba haina paa na boti imebaki majivu, amekuwa mtu wa maneno machache.

"Chagua vizuri," alisema. "Yule wa mwezi uliopita alituletea mashine mbovu. Tukahangaika bure."

"Safari hii sikosei."

Wa nne aliitwa Mwinyimadi, mtu wa Mtwara, ng'ambo ya mto Ruvuma. Wahida alimbana kwa maswali kama kadhi. Mashine umeitoa kwa nani? Imekaa maji ya chumvi muda gani? Garantia, yaani dhamana ikiharibika, ipo? Mwinyimadi hakuchoka. Alituma video: mashine ya boti imefungwa kwenye pipa la maji, inanguruma, na yeye mwenyewe yuko pembeni, mtu wa makamo, kofia imelalia sikio, analitaja jina la Wahida ili ajue video si ya zamani. Hata ufa uliokuwa kwenye kifuniko aliuonyesha kwa kidole. "Usije ukasema sikukwambia."

Wahida alimaliza megas zake zote za intaneti akisoma maoni ya waliowahi kununua kwake. Wote walikuwa na neno moja: huyu akisema anakuja, anakuja.

Pesa ya mbele Mwinyimadi hakuitaka. "Utanilipa ukishaisikia kwa masikio yako," alisema alipopiga simu. "Nitaileta mwenyewe. Ila niambie, dada, mumeo atakuwepo? Na nyumba yenu iko katikati ya kijiji au pembeni?"

Wahida aliitazama simu. "Pembeni. Kwa nini?"

"Mzigo mzito huu. Nataka kujua nani atanipokea."

Jirani yao, Ancha, alikuwa amekuja kuomba moto, akayasikia ya mwisho kwenye spika ya simu. Alisubiri simu ikatwe.

"Mgeni avuke mto na mali yake, hajalipwa chochote, aje mpaka nyumbani kwako?" alisema. "Mdogo wangu, huyo ana lake jambo. Siku hizi watu wanapotea hivihivi."

"Basi naghairi, dada Ancha," alijibu Wahida. "Tutatafuta huku huku Msumbiji, mjini Pemba."

Hakughairi. Ancha alipotoka tu, alimpigia tena Mwinyimadi. Asipitie kituo cha mpakani pale Namoto, alimwambia. Ashukie juu kidogo, kwenye mikoko, Aiuba atamngoja na pikipiki.

"Mimi njia za panya sizipendi, dada."

"Ushuru utakuumiza bure. Na simu uizime kabla hujavuka, uifiche. Huku njiani wanakwapua."

Mwinyimadi aliuliza tena pa kushukia. Kisha akashusha pumzi. "Haya. Nimekuamini."

Alikuja Ijumaa mchana, wanaume wako msikitini na njia tupu. Wahida aliposikia pikipiki ya mumewe inakata kona kwenye mikorosho, alitoka nje. Kuna upande wa moyo wake uliotamani Aiuba arudi peke yake, aseme mtu hakutokea, alikuwa mwongo kama wenzake. Lakini nyuma ya Aiuba alikaa mgeni, ameikumbatia mashine iliyoviringishwa gunia.

Alikuwa na mwili mkubwa kuliko alivyoonekana kwenye video. Aliposhuka hakusalimia kwanza. Alitazama uwanja, akatazama dirisha, akatazama njia waliyoijia.

"Kweli mko mbali na watu," alisema taratibu.

"Pametulia," alijibu Aiuba.

Waliifunga mashine kwenye pipa la maji uwanjani. Mwinyimadi akavuta kamba mara moja tu, ikawaka. Akaiacha ingurume, akaizima, akapangusa mikono kwenye suruali. Aiuba alimtazama mkewe. Wahida akainamisha kichwa: ndiyo.

"Karibu ndani, kaka," alisema Aiuba. "Unywe maji, tumalizane."

Mwinyimadi alivua viatu mlangoni, akavipanga vizuri. Kabla hajaingia alimgeukia Wahida, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Unajua nyumbani walinikataza? Tatu, mke wangu, alilia jana, anasema huko nitadhurika. Nikamwambia, mwizi haulizi habari za garantia. Maswali yako ndiyo yaliyonituliza, dada."

Wahida aliviangalia vile viatu mlangoni.

Mgeni aliinama kuupita mlango mfupi, akaingia. Aiuba akamfuata, akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa panga, kisha akaufunga.

Wahida alirudi kwenye pipa. Akavuta kamba, akaongeza mafuta mpaka mwisho, ili jirani asisikie kingine chochote.